Kofre ya taksi ikikataa kufunguka, mkimbizi asilipishwe

Kwenye barabara ya Sake-Goma, vumbi na mitikisiko vinachokesha kufuli za taksi. Kofre inafungwa vizuri wakati wa kupakia, halafu mukifika inakataa kufunguka. Ndani kuna godoro, sufuria, dawa za mtoto. Shofere anaomba pesa ya fundi kwa mama aliyekwisha kulipa nauli! Mimi naona hiyo si haki: gari ni lake, kufuli ni yake.

Tena mara nyingi hakuna haja ya kuvunja. Mmoja akandamize kifuniko kwa nguvu, mwingine azungushe funguo. Ikishindikana, kwenye gari nyingi ndogo kiti cha nyuma kinalazwa, vitu vinapitia pale. Lakini wazazi, dawa na vitambulisho musiviweke kwenye kofre, muvibebe mikononi.