Orodha ya Wagonjwa Isilale Ofisini kwa Daktari

Si jambo geni, katika hospitali ya rufaa, kukuta kwamba orodha ya wagonjwa wanaosubiri upasuaji haimo katika mfumo rasmi wa hospitali, bali katika jedwali lililohifadhiwa kwenye kompyuta ya daktari bingwa mmoja. Jedwali la namna hiyo huanza kwa nia njema. Lina majina, namba za faili, namba za simu, aina ya uvimbe, tarehe ya jibu la patholojia, na safu ya mwisho yenye maneno mafupi kama vile “anasubiri damu” au “arudi baada ya wiki 3”. Miaka inapopita, jedwali hilo ndilo linaloamua nani apigiwe simu siku ya Jumatatu. Kisha siku moja kompyuta haiwaki. Au daktari anapata nafasi ya masomo nje ya nchi, anafunga ofisi, na neno la siri linaondoka naye. Mama mwenye uvimbe wa titi aliyeambiwa asubiri simu anaendelea kusubiri, asijue kwamba hospitalini hakuna tena anayejua kuwa anasubiri.

Mikasa ya aina hii hupelekwa kwa fundi wa kompyuta, naye hulaumiwa kwa kushindwa kuifufua diski iliyokwisha kufa. Lawama hiyo haimstahili. Uamuzi wa mahali pa kuweka taarifa za mgonjwa ni sehemu ya tiba, kama ulivyo uamuzi wa mahali pa kuweka damu iliyokwisha kupimwa kundi. Hakuna daktari ambaye angeiweka chupa ya damu kwenye droo ya meza yake kwa sababu tu droo iko karibu.

Njia ya kuondokana na hali hiyo ipo, tena si mpya. Katika kompyuta zinazotumia Windows kila mtumiaji ana folda ya nyaraka zake, na kwa kawaida folda hiyo imo ndani ya diski ya kompyuta ile ile anayoitumia. Tangu toleo la Windows 2000, msimamizi wa mtandao ameweza kuielekeza folda hiyo ihifadhiwe kwenye seva ya taasisi. Mtumiaji haoni tofauti kubwa: jina la folda ni lile lile na yaliyomo ni yale yale. Lakini kila anapohifadhi barua ya rufaa au muhtasari wa mgonjwa aliyeruhusiwa, waraka husafiri kupitia mtandao wa ndani hadi kwenye chumba cha seva. Akitoka ofisini akaenda kliniki, akaingia kwa jina lake katika kompyuta ya huko, nyaraka zake anazikuta. Kompyuta ya ofisini ikiibwa au ikiungua kwa hitilafu ya umeme, nyaraka zilizokwisha kufika kwenye seva zitabaki.

Hata vituo vyenye mfumo wa kielektroniki wa hospitali, kama vile GoT-HoMIS unaotumika katika vituo vingi vya umma nchini Tanzania, havijaepukana na haja hii. Mfumo hupokea malipo, vipimo na dawa, lakini barua ndefu, majedwali ya kliniki maalumu, picha za vidonda na ratiba za chumba cha upasuaji huendelea kuandikwa pembeni. Na pembeni huko ndiko zinakopotelea.

Kwa hiyo hospitali ambayo tayari ina seva na mtandao wa ndani unaofanya kazi, lakini ikaacha nyaraka za wagonjwa zitawanyike katika diski za kompyuta 60 na flashi zisizo na idadi, inafanya uzembe. Flashi hasa ndiyo aibu isiyosemwa: kitu kidogo kinachoning’inia kwenye kishikizo kimoja na ufunguo wa nyumba, kikiwa na kaswida au nyimbo za kwaya upande mmoja na majina ya wagonjwa 300 upande wa pili.

Pamoja na hayo, pingamizi za wahudumu hazina budi kusikilizwa, kwa maana si zote ni ukaidi. Folda inayoitwa “Nyaraka Zangu” imebeba neno lenye uzito. Ndani yake mna rasimu ya tasnifu, barua ya mkopo wa benki, pengine orodha ya michango ya harusi ya mdogo wake. Mtu akifika kazini asubuhi na kukuta vyote vimehamishiwa kwenye seva usiku, bila tangazo, ataamini kwamba utawala umeanza kumpekua. Kwa kawaida Windows humpa mwenye folda peke yake haki ya kuifungua hata ikiwa kwenye seva; lakini msimamizi wa mtandao aliyedhamiria anaweza kujitwalia haki hiyo, na wahudumu wanalijua hilo au wanalihisi. Dawa yake ni maandishi: waraka wa uongozi unaotaja ni nani anaweza kufungua folda ya mtumishi, kwa sababu gani, kwa kibali cha nani, na kwamba tendo hilo litaacha kumbukumbu. Hospitali isiyotaka kuandika waraka huo isishangae watumishi wakirudi kwenye flashi zao.

Lipo kosa jingine linalofanywa na wale wanaolipenda jambo hili kupita kiasi. Wao hudhani kwamba folda ikishahamia kwenye seva, tatizo la orodha ya wagonjwa limekwisha. Halijaisha. Folda ya binafsi iliyohamishwa bado ni ya binafsi. Daktari yule aliyekwenda masomoni ameacha orodha yake salama kabisa ndani ya seva, na muuguzi wa kliniki bado hawezi kuiona. Diski haijaungua, lakini kwa yule mama hakuna kilichobadilika. Kinachohitajika ni mahali pawili: folda ya mtumishi kwa rasimu na mambo yake ya kazi, na folda ya kitengo kwa kila waraka ambao mgonjwa ataukosa mtumishi huyo asipokuwepo. Orodha ya upasuaji ni ya kitengo. Barua ya rufaa ikishasainiwa ni ya kitengo. Mpaka huo wauchore wakuu wa vitengo, kwa kuwa ofisa wa TEHAMA hawezi kujua kwamba faili linaloitwa “mpya2 sahihi” ndilo linalobeba uhai wa watu 40.

Folda ya kitengo nayo ina hatari yake, na hatari hiyo huwaangukia kwanza wahudumu wenyewe. Mhudumu wa afya naye huugua. Muuguzi hupima virusi vya Ukimwi katika hospitali anayofanyia kazi, mhudumu wa maabara huonwa na daktari wa magonjwa ya akili, na barua zao huandikwa katika kompyuta zile zile. Barua hizo zikiwekwa kwenye folda inayofunguliwa na kila mwenye jina la kuingilia, siri haitadumu wiki moja. Kwa hiyo ruhusa zigawanywe kwa kitengo na kwa kazi: kliniki ya afya ya akili isifunguliwe na wodi ya mifupa, na karani wa miadi aone tarehe na namba ya simu bila kusoma historia ya ugonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Lakini daktari alikula kiapo cha kutunza siri kabla ya sheria hiyo kuandikwa.

Ruhusa zote hizo, hata hivyo, hazina maana yoyote mahali ambapo wodi nzima inaingia kwenye kompyuta kwa jina moja. Hapa ndipo mipango mingi mizuri inapokwamia. Kompyuta ya kaunta ya wauguzi ina jina la kuingilia la “wodi”, neno la siri limeandikwa kwenye kipande cha plasta na kubandikwa chini ya skrini, na zamu tatu hulitumia usiku na mchana. Kwa seva, wauguzi 20, madaktari wa mafunzo kwa vitendo na wanafunzi wote ni mtu mmoja. Folda yao ni moja. Aliyefuta waraka hajulikani, aliyeusoma hajulikani. Ni rahisi kuwakemea wauguzi, lakini chanzo ni kwamba kuingia na kutoka huchukua dakika kadhaa katika kompyuta iliyochakaa, na mgonjwa anayetapika damu hasubiri. Uongozi unaotaka kila mtu aingie kwa jina lake ununue kwanza kompyuta zinazofunguka upesi. Fedha hizo ni sehemu ya gharama ya mpango, na mpango usiozitaja haujakamilika.

Kuhusu kukatika kwa mtandao, Windows ina utaratibu wa kuacha nakala ya folda iliyohamishwa ndani ya kompyuta, ili mtumiaji aendelee kufanya kazi seva isipopatikana, kisha mabadiliko yaunganishwe mawasiliano yakirudi. Kwa kompyuta ya ofisini inayotumiwa na mtu mmoja utaratibu huo ni msaada mkubwa. Kwa kompyuta ya wodini inayopitiwa na watu wengi ni mtego, maana kila aliyeingia anaweza kuacha nakala za nyaraka zake katika diski ambayo kesho itabebwa kwenda kwa fundi wa mjini. Mahali hapo uzimwe. Aidha, folda ya kitengo ikibadilishwa na watu wawili wakati mtandao umekatika, orodha mbili tofauti huzaliwa, na lazima awepo mtu aliyepewa jukumu la kuzipatanisha.

Hoja nzito kuliko zote dhidi ya hifadhi ya pamoja ilitolewa na historia, si na wanaosita. Ijumaa ya tarehe 12 Mei 2017, programu haribifu iliyoitwa WannaCry, ambayo hufunga mafaili na kudai fidia, ilienea duniani kwa saa chache. Ilipenya kupitia kasoro katika njia ile ile ambayo Windows huitumia kushirikishana mafaili kwenye mtandao. Huduma ya afya ya umma ya England iliumia vibaya: takriban theluthi moja ya taasisi zake 236 zilivurugika, na miadi ya wagonjwa ipatayo 19,000 ilikadiriwa kufutwa. Marekebisho ya kasoro hiyo yalikuwa yamekwisha kutolewa na Microsoft mwezi Machi, miezi miwili kabla. Kompyuta nyingi hazikuwa zimeyapokea.

Somo la siku ile halikuwa kurudi kwenye diski za mezani, maana nazo zilifungwa. Ilidhihirika kwamba kuhamishia nyaraka kwenye seva na kuzitunzia nakala ni mambo mawili tofauti. Programu ya aina hiyo huharibu kila kitu ambacho mtumiaji aliyeambukizwa ana ruhusa ya kukibadilisha, na folda iliyoelekezwa kwenye seva imo katika hesabu hiyo. Kanuni ya watunza kumbukumbu inataka nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja kati yake ikae mbali na jengo. Nakala hiyo ya mbali isiunganishwe na mtandao wakati wote. Nayo ijaribiwe: mara moja kila baada ya miezi mitatu achaguliwe mgonjwa wa mwaka uliopita, itafutwe barua yake kutoka kwenye nakala rudufu, na ipimwe saa ngapi zimepita hadi kupatikana. Hospitali ambazo hazijawahi kufanya jaribio hilo hazina nakala rudufu, zina matumaini.

Mgonjwa anayesoma haya asidhani ni mazungumzo ya mafundi yasiyomhusu. Akiambiwa “utapigiwa simu”, ana haki ya kuuliza jina lake limeandikwa wapi, na ni nani mwingine zaidi ya daktari huyo anayeweza kuliona. Aombe nakala ya jibu la patholojia na aitunze nyumbani. Daktari asiukasirikie ulizo huo. Kama hana jibu lake, mgonjwa amemsaidia kuliona pengo mapema.

Na mpaka hapo umeme, mtandao na seva vitakapozoeleka kutokukatika, kila kitengo kichapishe orodha yake ya wanaosubiri upasuaji kila Ijumaa alasiri, isainiwe na muuguzi mfawidhi, na ifungiwe kabatini. Ya wiki iliyopita ichanwe mbele ya mashahidi wawili.