Wanasayansi wetu: tunawasikiliza au tunawapiga picha tu?

Leo naanza kwa kuungama.

Mwaka wangu wa kwanza gazetini nilitumwa kwenye warsha ya watafiti katika hoteli moja hapa Dar es Salaam. Warsha hizi mnazijua: bango kubwa nyuma ya meza kuu, maji ya chupa, mgeni rasmi anayechelewa saa mbili, picha ya pamoja, chai na sambusa, halafu karatasi ya kusaini nauli. Mgeni rasmi alisoma hotuba yake, akaondoka na msafara wake, na nusu ya waandishi wakaondoka naye. Mimi nilibaki. Msidhani nilipenda sayansi kuliko wenzangu, nilikuwa tu sijapata cha kuandika.

Akasimama mtafiti mmoja, mama wa makamo. Akaeleza kuwa wamechukua majani ya mti unaotumiwa na waganga wa jadi, wakayakamua, na maji yake yameonyesha dalili ya kuua vijidudu vya ugonjwa fulani kwenye maabara. Alirudia mara tatu: kwenye maabara. Akasema bado hawajampa hata panya, sembuse mtu.

Niliandika hivyo hivyo. Lakini kwenye meza ya mhariri habari ilikuwa ndefu na nafasi ilikuwa finyu. Maneno "kwenye maabara" yakakatwa. Aya ya panya ikakatwa. Kesho yake asubuhi kichwa cha habari kikasema dawa imepatikana, na jina langu likiwa chini yake.

Mchana yule mtafiti akanipigia simu. "Mwanangu, mimi sikusema hivyo. Wenzangu kazini wananicheka. Kwa nini umenifanyia hivi?" Nilimwomba radhi, nikamwambia, "Mama, nisamehe, si mimi niliyekata." Alikata simu polepole, bila hasira. Tangu siku hiyo hapokei simu yangu, na simlaumu.

Siku ya tatu akaja mapokezi mama mwingine. Alikuwa amebeba mtoto mgongoni na lile gazeti amelikunja mkononi. Alitaka kujua dawa inauzwa wapi. Nilishuka ngazi kwenda kumweleza kwamba dawa hakuna, kwamba ni majani yaliyojaribiwa kwenye vichupa. Akaniangalia, akaliangalia gazeti, akaniuliza, "Sasa hapa mmeandika nini?"

Sikuwa na jibu. Na ndiyo maana naandika haya.

Kila tunapozungumzia sayansi nchini mwetu tunaanza na pesa, na kweli pesa ni tatizo. Mwaka 2006, mjini Khartoum, nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kila moja itenge angalau asilimia 1 ya pato lake la taifa kwa utafiti na maendeleo. Ni lengo ambalo nchi nyingi za bara hili zimekuwa zikilitamka kuliko kulitekeleza. Lakini pesa hununua darubini. Hainunui ujasiri wa kuuliza, hainunui kuaminiana, na hainunui gazeti linaloandika kilichosemwa. Haya matatu tunayaharibu wenyewe, bure kabisa.

Tuanze na darasani.

Wangapi kati yenu mnamjua Erasto Mpemba? Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu Shule ya Sekondari Magamba, kule Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unaweka sukari, unasubiri yapoe, ndipo unayaingiza kwenye friji. Nafasi ndani ya friji ilikuwa chache. Mpemba alipoona mwenzake anawahi na maziwa ambayo hakuyachemsha kabisa, naye akaingiza yake yakiwa bado ya moto. Saa moja na nusu baadaye ya Mpemba yalikuwa yameganda, na ya mwenzake bado uji mzito.

Akamuuliza mwalimu. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye akakutana na rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu Tanga mjini, akaambiwa kuwa wao hufanya hivyo kila siku, huweka mchanganyiko ukiwa wa moto ili ugande haraka. Yaani muuza aiskrimu wa Tanga alikuwa anajua jambo ambalo darasa la fizikia lilikataa kulisikia!

Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na mwalimu mwingine akamjibu kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia nzima. Darasa zima likaingia kwenye utani. Kila akikosea hesabu, wanamwambia hiyo ni hesabu ya Mpemba. Wangapi kati yetu tungeuliza mara ya tatu?

Yeye aliuliza. Siku moja Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichokuwa bado chuo kishiriki, alikwenda Mkwawa kutoa mhadhara. Mpemba akasimama mbele ya wote na swali lake. Wenzake wakamcheka. Osborne naye hakuamini, lakini aliahidi kujaribu, na aliporudi Dar alimpa kazi hiyo fundi wa maabara. Fundi akaleta jibu kwamba kweli maji ya moto yametangulia kuganda, ila akaahidi kuendelea kurudia jaribio mpaka apate jibu sahihi!

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha pamoja makala katika jarida la Physics Education. Dunia nzima leo inaliita jambo hilo kwa jina la Mpemba. Wanasayansi bado wanabishana. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza waliandika kuwa walipopima kwa uangalifu hawakuliona. Mwaka 2020 watafiti wa Canada wakaonyesha kitu kinachofanana nalo kwa kutumia chembe ndogo ndani ya maji. Ubishi huo ndio sayansi yenyewe, na chanzo chake ni kijana aliyekataa kunyamazishwa, pamoja na mhadhiri aliyekubali kwamba huenda mtoto anajua asichokijua yeye.

Mimi nilisoma fizikia mpaka kidato cha nne. Swali nililolisikia zaidi darasani lilikuwa "Hii itatoka kwenye mtihani?" Bureti moja ilihudumia kundi zima, mmoja anafungua, mmoja anasoma, waliobaki wananakili. Tulijifunza kunakili majibu vizuri sana. Halafu tunashangaa chuo kikuu kikitoa wahitimu wanaoogopa kusema "sijui". Mageuzi ya kwanza ninayoyataka hayahitaji hata shilingi: mwanafunzi apewe alama kwa swali zuri, na mwalimu asione aibu kusema "twende tukajaribu."

La pili ni ushirikiano.

Nchi yetu ina historia ndefu ya kufanya utafiti na wageni. Maabara iliyozaa Taasisi ya Afya Ifakara ilianzishwa na Waswisi miaka ya 1950. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1986, na mtafiti mgeni akitaka kibali hutakiwa awe na mshirika wa hapa nyumbani. Si utaratibu mbaya. Lakini waulize watafiti vijana, faraghani, huyo mshirika anafanya nini hasa. Wengine watakuambia kazi yao ilikuwa kukusanya damu, kutafuta gari na kutafsiri dodoso. Sampuli zikaondoka, makala ikatoka, jina lao likawa katikati ya orodha ndefu kama jina la abiria.

Ushirikiano wa kweli unawezekana, na tumeuona. Chanjo ya malaria ya RTS,S, kabla Shirika la Afya Duniani halijaipendekeza mwezi Oktoba 2021, ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 15,000 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika. Viwili vilikuwa vyetu, Bagamoyo na Korogwe. Vituo 11 vikifuata utaratibu mmoja, vikipima kwa namna moja, na watafiti wa Afrika wakiwa mstari wa mbele. Hilo si jambo dogo.

Sasa sikilizeni aibu yangu ya pili. Habari ile ilipotoka niliisoma kwenye tovuti ya nje, na ilikuwa baadaye sana nilipojua kwamba wazazi wa Bagamoyo, safari ya saa mbili hivi kwa basi kutoka ninapoishi, walikuwa wamewapeleka watoto wao kwenye jaribio hilo miaka mingi kabla. Wazazi hao walifanya kazi kwa ajili ya dunia nzima. Nani aliwashukuru kwenye ukurasa wa mbele?

La tatu ndilo linalonigusa zaidi, kusema na umma.

Desemba 2016, nikiwa bado shuleni, Dk. Mwele Malecela, mwanamke wa kwanza kuongoza Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, alitangaza kwamba utafiti umebaini dalili za maambukizi ya virusi vya Zika katika baadhi ya sampuli. Serikali ikasema hakuna mlipuko wa Zika nchini. Ndani ya siku chache uteuzi wake ukatenguliwa.

Tuisome habari hiyo taratibu. Kuonekana kwa virusi katika sampuli za utafiti ni jambo moja. Mlipuko wa ugonjwa ni jambo jingine. Kauli zote mbili zingeweza kuwa za kweli kwa wakati mmoja! Mwandishi aliyejua tofauti hiyo angewaeleza wananchi kwa aya mbili tu na hofu ingepungua. Badala yake ikawa kama mechi ya Simba na Yanga, nani mkweli na nani mwongo. Baadaye, mwaka 2018, Shirika la Afya Duniani lilimpa mama huyo idara ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika, kazi aliyoifanya hadi alipofariki mwaka 2022. Dunia ilimhitaji. Wanasayansi waliobaki maofisini walijifunza somo moja tu: ukiwa na matokeo, nyamaza.

Mwaka 2018 huo huo Sheria ya Takwimu ikafanyiwa marekebisho yaliyowatia hofu wote wanaotoa takwimu zinazopingana na za serikali, na mwaka 2019 ikalegezwa. Lakini hofu haifutwi kwa tangazo la gazeti la serikali. Mpigie leo mtafiti wa taasisi ya umma kumuuliza kuhusu mbu. Atakuambia umwandikie mkurugenzi barua.

Wapo watakaosema, waache wanasayansi wafanye kazi zao, kuelezea wananchi si kazi yao. Na wapo watakaosema Kiswahili hakina maneno. Hao wa pili niwakumbushe kuwa TUKI ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990. Niwakumbushe pia kuwa ugonjwa wa chikungunya, unaotajwa kwa jina hilo hadi Brazil, ulipata jina lake kutoka Kimakonde, baada ya mlipuko wa mwaka 1952 kusini mwa nchi yetu. Wagonjwa walijikunja kwa maumivu, na lugha ya kijijini ikatoa neno ambalo madaktari wa dunia wakaliazima. Maneno tunayo. Tunachokosa ni nia.

Hao wa kwanza wana hoja, kwa sababu mhadhiri wetu hupandishwa cheo kwa makala za majarida, mengi ya nje na kwa Kiingereza. Akitumia wiki nzima kuwaeleza wakulima wa Kilosa alichokipata kwenye mashamba yao, hapati chochote. Basi tubadilishe mizani. Vyuo vihesabu kazi hiyo. Anayesomea uzamili afundishwe kueleza utafiti wake kwa Kiswahili kwa dakika kumi mbele ya watu aliowachukua damu, na asihitimu mpaka amerudi kuwapa majibu. Taasisi ziandike wazi kwamba mtafiti ana haki ya kueleza matokeo yake yaliyokwisha kuhakikiwa, bila kuhofia kiti chake.

Na sisi wa magazeti je? Tuache kuandika mgeni rasmi alisema nini, tuandike mtafiti alipata nini. Kila chumba cha habari kiwe na mtu mmoja anayejua tofauti ya panya na mgonjwa. Na kabla habari haijaenda mtamboni, msomee mtafiti takwimu na maelezo ya kitaalamu. Maoni yako ni yako, lakini namba ni zake. Tangu siku ya yule mama wa mapokezi mimi hufanya hivyo, hata kama mhariri ananung'unika kuwa nachelewesha ukurasa. Nimeshagombana mara mbili kwa ajili ya maneno "kwenye maabara". Mara moja nilishindwa.

Bado nina namba ya yule mtafiti kwenye simu. Sijamfuta. Siku akipokea, sitamuuliza habari yoyote. Nitamwamkia kwanza, halafu nitamwomba anieleze upya ule mti, taratibu, na safari hii niandike yote.

Naomba kutoa hoja.