Kabila Halina Tumbo

Kutoka Malaba hadi Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, mtu akilalamika kiungulia hakosi kuulizwa kwao ni wapi. Akiwa Mteso, ataambiwa ni malwa, si watu kumi wanakaa kwenye chungu kimoja na mirija? Akiwa Msamia, ni omena na muhogo. Wengine huambiwa tu kwamba alsa, yaani vidonda vya tumbo, iko kwenye damu ya ukoo, na mazungumzo huishia hapo.

Imani hii inazidi kukita mizizi kwa sababu inaweza kujikinga kwa takwimu. Utafiti wa kitaifa wa Marekani uliotumia damu iliyochukuliwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 uliwakuta na alama za maambukizi ya Helicobacter pylori, bakteria anayesababisha alsa nyingi, takriban asilimia 26 ya Wazungu, 53 ya Weusi na 62 ya wenye asili ya Mexico. Anayetaka kabila liwe sababu atazishika namba hizo kwa mikono miwili. Asichosema ni kwamba pengo lilipungua, ingawa halikuisha, watafiti walipoangalia pia elimu, kipato na msongamano wa nyumba.

Wajapani wanalimaliza shauri. Zaidi ya nusu ya waliozaliwa huko kabla ya 1950 walikuwa na bakteria huyo. Kwa watoto wa Kijapani wa leo ni chini ya mmoja kati ya kumi. Damu ni ileile. Kilichobadilika ni maji, vyoo na idadi ya watoto wanaolala kitanda kimoja.

Kwani bakteria huyu huingia mapema, mara nyingi kutoka kwa watu wa nyumbani, na asipotibiwa hukaa miaka na mikaka. Mwaka 2010 watafiti walichapisha matokeo ya watoto 427 wa Kampala walioonekana wazima kabisa: asilimia 44 walikuwa naye, wakiwamo wasiotimiza hata mwaka mmoja. Mtoto wa miezi minane hajawahi kuvuta mrija wa malwa.

Upande wa Kenya wa Busia kuna somo lililo karibu zaidi. Michael Kremer, aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2019, na wenzake walifuatilia chemchemi zilizojengewa kinga. Uchafu wa kinyesi kwenye chemchemi ulishuka kwa takriban theluthi mbili, lakini kwenye maji yaliyokuwa majumbani ulishuka kwa robo tu. Uchafu ulirudi njiani na jikoni, kwa mkono, kata na mtungi. Utafiti ule ulihusu kuhara, si alsa, ila mkono na kikombe ni miongoni mwa njia zinazoshukiwa kumpitisha bakteria huyu pia.

Kwa hiyo swali la kwao ni wapi linamfaa diwani kuliko mgonjwa: tatizo likiwa la kabila, hakuna atakayedaiwa bomba. Kliniki ingefaa imuulize mgonjwa alilala na wangapi akiwa na miaka mitatu, na maji ya nyumba yao yalichotwa wapi. Majibu yakijumlishwa kata kwa kata, ofisi za maji za kaunti ya Busia na wilaya ya Tororo, upande wa Uganda, zingejua pa kuanzia kuchimba.