Homa ya Bonde la Ufa haiji kwa mbu peke yake

Pangani tukisikia ugonjwa wa mbu, tunawaza chandarua. Kwa Homa ya Bonde la Ufa, chandarua hakitoshi. Katika mlipuko wa 2006 na 2007, uliopita Kenya na Somalia na kuua zaidi ya watu 100 hapa Tanzania, wengi waliambukizwa na mnyama mwenyewe: kuchinja, kuchuna, kushika mimba iliyotupwa, kunywa maziwa mabichi. Virusi hubaki hata ndani ya mayai ya mbu kwenye udongo mkavu, miaka, hadi mafuriko yayaangue.

Tunajua mbuzi mmoja ni ada ya mtoto. Lakini mbuzi wakitupa mimba kwa wingi baada ya mvua kubwa, usimchinje mgonjwa ili kuokoa nyama. Mwite afisa mifugo kwanza.