Anayeogopa Kisu cha Mgongo Aogope Pia Kuchelewa

"Ukipasuliwa mgongo, umepooza." Kauli hii imeenea kuanzia vijiwe vya kahawa vya Kariakoo hadi ofisi za Posta, na inawafungia watu nyumbani na dawa za kuchua huku Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa mwaka 1996, ikiwa hapo jirani tu, Upanga.

Nachukua mfano wa vifuko vya majimaji vinavyoota kwenye viungo vya pingili za kiuno vilivyochakaa. Vingi hutokea kati ya pingili ya nne na ya tano, na kifuko kikibana neva, maumivu hushuka hadi mguuni. Mwenye tatizo hili anaweza kusukuma mkokoteni mtaa mzima akiwa ameinama, lakini akisimama wima miguu inawaka moto. Kuinama kunaipa neva nafasi. Watu wakimwona anasukuma mzigo husema anadeka, na wanamkosea sana.

Sasa hofu ya kupooza. Kwa mtu mzima, ugwe wa neva unaopita ndani ya mgongo huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Kule chini kwenye kifuko kuna mizizi ya neva tu. Daktari hupasua kidogo, hupenyeza bomba lenye upana wa takribani sentimita mbili, misuli ikasukumwa kando badala ya kukatwa, kisha akitazama kwa hadubini hukibandua kifuko taratibu. Hatari zipo: utando unaofunika neva unaweza kutoboka maji yakavuja, neva inaweza kujeruhiwa, kifuko kinaweza kurudi. Lakini hatari hizo si hukumu ya kupooza. Na ujuzi huu si wa kuusikia ng'ambo tu: Roger Härtl wa chuo cha tiba cha Weill Cornell, New York, bingwa wa upasuaji wa aina hii, ameshirikiana na MOI kwa miaka mingi kufundisha madaktari wetu.

Sisemi kila kifuko kipasuliwe. Vile vya Tarlov, vilivyopewa jina la daktari aliyevieleza mwaka 1938, huota kwenye mizizi ya neva chini ya kiuno; vingi huonekana kwa bahati tu kwenye kipimo cha MRI na huachwa vilivyo. Hata vile vya viungo, wengine hupata nafuu kwa dawa na mazoezi.

Ila mguu ukianza kulegea, sehemu za siri zikifa ganzi, au mkojo ukakataa kutoka au ukatoka wenyewe, usisubiri kesho wala mtu wa kukuchua. Nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu neva iliyobanwa muda mrefu inaweza isipone tena.