Tusikodi Nyumba kwa Ajili ya Lango



Twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi wataliona dogo, lakini ndani yake mna mambo matatu makubwa: mali, watoto na udugu. Nalo ni hizi nyumba za kupanga kwa siku chache ambazo watu wetu wa pwani, wakipata likizo na wakijaaliwa uwezo, huzikodi kule Dubai ili wawapeleke watoto katika zile bustani kubwa za pumbao, zenye pembea za mashine na mabwawa ya kuteleza. Siku hizi mtu akitaka kukodi haulizi ila swali moja: "Iko karibu na lango?" Dalali akimjibu kuwa ni mwendo wa dakika tano, basi yamekwisha, fedha hutumwa siku ile ile. Haulizi vyumba, haulizi jiko, wala haulizi majirani ni nani. Sisi twasema kuwa swali hilo haki yake ni kuwa la mwisho, nao wamelitanguliza mbele ya yote, na humo ndimo inamotoka hasara tutakayoieleza.

Kwanza na tuondoe dhana mbaya. Hatusemi kuwa mchezo ni haramu, wala si kazi yetu kuharamisha alichokihalalisha Mwenyezi Mungu. Mtume (S.A.W.) aliwaacha Mahabushi wacheze na mikuki yao msikitini siku ya Idi, na Bibi Aisha (R.A.) akiwatazama, naye mwenyewe alishindana mbio na mkewe. Dini yenye nafasi ya hayo haiwezi kumnyima mtoto pembea. Mzazi aliyetoka jasho mwaka mzima, akampa mwanawe furaha ya halali kwa mali ya halali, twamtarajia thawabu kwa nia yake. Asije mtu akasema kuwa masheikh wanachukia furaha. Tunachokipinga ni kuifanya bustani kuwa kibla cha safari nzima, hata nyumba ya kulala ichaguliwe kwa kuielekea.

Haya, na tufanye hesabu. Familia huenda kwa siku saba. Bustani yatosha siku moja. Basi huo ukaribu wa lango hutumika mara mbili tu, asubuhi ya kwenda na jioni ya kurudi, na kodi yake hulipwa siku zote saba. Zile bustani za upande wa Jebel Ali, zilizofunguliwa mwaka 2016, ziko pembezoni mwa jiji katika njia ya kwenda Abu Dhabi, zaidi ya kilomita 40 kutoka Deira. Anayekaa huko atalipa teksi kila akitaka soko, kila akitaka jamaa, kila akitaka mjini. Amekimbia safari moja ndefu akajinunulia sita. Lau angelipanga Deira, siku ile moja ya bustani angelipanda Metro, ambayo tangu 2009 yawachukua watu kutoka huko kuteremka upande wa Jebel Ali, kisha akamalizia kwa teksi, na siku zilizobaki akaenda madukani kwa miguu.

Na mali yenyewe ni mali ya kuhesabiwa. Dirhamu imefungwa na dola tangu 1997, dola moja kwa dirhamu 3.67 hivi, kwa hivyo kila shilingi yetu ikianguka mbele ya dola imeanguka na mbele ya dirhamu. Juu ya kodi ya nyumba huja ada ya utalii, dirhamu 10 au 15 kwa kila chumba cha kulala kwa kila usiku, kwa kadiri ya daraja ya nyumba. Ukiongeza viza na tikiti za watu sita au saba, ndipo utakapojua kwa nini wako wanaorudi wakakuta karo ya shule haina pa kutoka. Wabaya zaidi ni wale wanaochukua mkopo wa riba, wa benki au wa simu, ili watoto wapande pembea. Ewe mzazi, pembea huzunguka dakika chache ikasimama, na riba huzunguka hata baada ya picha kufutika. Wafundisha nini watoto wako, ikiwa furaha yao ya kwanza ya ugenini umeinunua kwa kitu ambacho Mwenyezi Mungu amekitangazia vita?

Watatujibu: "Lakini jua la kule ni kali, na watoto huchoka, ndiyo maana twataka nyumba ya karibu wakimbilie." Hoja hii twaijua, na ndiyo inayowaumbua. Shule za Kenya hufungwa mwezi wa Agosti, na wengi ndipo wanapokwenda, wakati ambao joto la Dubai hupita digrii 40. Serikali ya huko, kuanzia 15 Juni mpaka 15 Septemba, imekataza wafanyakazi wasifanye kazi nje juani tangu saa 6:30 mchana mpaka saa 9:00 alasiri. Wamemhurumia mtu mzima aliyezoea kubeba matofali, nawe wamtembeza mtoto wa miaka minne katika saa hizo hizo, kwa kuwa tikiti umekwisha kuilipa! Swala yenyewe ya adhuhuri Mtume (S.A.W.) alituamrisha tuicheleweshe joto linapokuwa kali mpaka lipoe, sembuse pembea? Anayeogopa jua dawa yake si nyumba ya ghali karibu na lango. Na aende Disemba, ingawa kodi huwa juu, akae siku chache. Au achague bustani iliyo chini ya paa, kama ile ya magari ya Ferrari katika kisiwa cha Yas, Abu Dhabi, iliyofunguliwa 2010. Aliyekosea wakati hatengenezi kosa lake kwa kubadilisha nyumba.

Tukija kwenye nyumba yenyewe, mambo ni mazito zaidi. Nyingi katika hizo za bei nafuu karibu na bustani ni fleti za chumba kimoja, kitanda na kochi la kukunjua, na dalali huandika kuwa "inatosha watu sita". Yatosha vipi? Mtume wetu (S.A.W.) ametuamrisha tuwatenge watoto katika malazi wafikapo miaka kumi. Binti wa miaka kumi na minne na kakake wa kumi na sita walale kochi moja, na baba na mama kitandani hatua tatu kutoka hapo, kisha tuite hiyo likizo? Heshima tunayoilinda nyumbani haikusamehewa uwanja wa ndege. Msafiri amepunguziwa rakaa, hakupunguziwa haya.

Kisha yuko mama mzee. Bustani ya Lego, kwa mfano, wenyewe wenye nayo wasema imetengenezwa kwa watoto wa miaka 2 mpaka 12. Kijana wa miaka kumi na saba hana lake huko, na bibi mwenye magoti mabovu hana lake kabisa. Basi nyumba imechaguliwa kwa ajili ya wadogo wawili, na mkubwa wa familia afungiwa ndani na kiyoyozi, hana wa kusema naye wala dirisha la kutazama watu, akingoja warudi usiku wakiwa wamechoka hawana hata neno la kumwambia. Huyo ndiye aliyewalea wote, naye amepewa likizo ya kulinda mizigo.

Na jiko je? Kule Dubai chakula cha halali hakipatikani kwa taabu, hilo twalikubali, lakini chakula cha bustanini ni cha bei ya bustanini. Aliyepanga Deira aweza kwenda kwenye soko la samaki la Waterfront, lililofunguliwa 2017, akanunua nguru akampika wa kupaka, watu saba wakashiba na kikabaki cha daku.

Sasa tufike pale ambapo roho yetu inauma, nako ni udugu. Baada ya mapinduzi ya Unguja ya 1964 watu wetu wengi walitawanyika, na baadhi yao wakapata makazi Dubai, Sharjah, Abu Dhabi na Omani. Wako wazee huko mpaka leo waongeao Kiswahili majumbani mwao, wanaouliza habari za Mkunazini na Malindi kana kwamba waliondoka jana. Zamani mtu wa pwani akienda Dubai alikwenda kwa mambo mawili, biashara na jamaa, na kila aliyesafiri alibebeshwa salamu, halua na achari. Leo twasikia watu wamekwenda wiki nzima, wamepiga picha mia mbili langoni, na shangazi yao aliye Deira akajua kuwa walikuwapo kwa kuziona picha hizo katika simu ya mjukuu wake! Alijisikiaje mama yule? Na wale watoto, wamejifunza kuwa Dubai kuna nini?

Suratul Israa, aya ya 26, Mwenyezi Mungu ameamrisha jamaa apewe haki yake, na maskini na msafiri, na katika aya hiyo hiyo akakataza kutapanya mali. Tazameni jinsi mambo hayo mawili yalivyowekwa pamoja: anayevunja moja huwa karibu ya kuvunja la pili. Fedha iliyokwenda langoni ndiyo iliyokosekana kwa shangazi.

Watasema tena: "Jamaa zetu nyumba zao ni ndogo, hatutaki kuwaudhi." Hapo wamesema kweli, na wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kupanga karibu nao! Lala kwako, pika kwako, wala usimtwishe mtu. Kisha jioni nenda ukawaamkie, watoto wako wacheze na watoto wao, na bibi apate mwenzake wa kuzungumza naye mpaka usiku. Ukija kwenda bustanini, chukua na watoto wa ami yako mmoja au wawili. Waarabu wana msemo kuwa jirani huja kabla ya nyumba. Na jirani gani bora kuliko wa damu yako?

Tena lango si kitu cha kudumu. Katika bustani hizo hizo za Jebel Ali ilikuwako moja ya sinema za Kihindi, iliyofunguliwa 2016, nayo 2023 ikafungwa moja kwa moja. Haikutimiza hata miaka saba. Udugu wa shangazi yako umeanza kabla ya babu yako kuzaliwa.

Basi, ndugu msomaji, ukijaaliwa safari, uliza kwa taratibu hii. Kwanza, fedha hii ni ya halali na haina deni? Pili, vyumba vyatosha kutenga wavulana na wasichana? Tatu, nyumba ina kibali cha serikali, kama sheria ya Dubai ya 2013 juu ya nyumba za likizo inavyotaka? Usitume fedha kabla ya kukiona. Nne, jamaa wako wapi, na msikiti na soko viko wapi? Ukishajibiwa hayo yote, uliza la tano: bustani iko umbali gani? Ikiwa ni saa moja, hewala, watoto watalala njiani, na watakapoamka watakuwa mlangoni kwa shangazi yao.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azibariki mali zetu, awahifadhi watoto wetu, na aunge yaliyokatika baina yetu na jamaa zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.