Kabla ya kugawa viwanja vya ufukweni, itazameni kwanza ramani ya zamani

Ndugu wakulima na wafanyabiashara wa Ilagala na vijiji jirani, leo siandiki habari za mbolea wala miche ya michikichi. Naandika kuhusu ramani za zamani, jambo ambalo wengi wetu tunaliona ni la wapimaji na watu wa mjini. Msimamo wangu ni huu: kila ofisi ya kijiji kinachopakana na ziwa au na mto Malagarasi iwe na nakala ya ramani ya zamani ya eneo lake, na Halmashauri ya Kijiji isipeleke kwenye mkutano mkuu ombi la kiwanja chochote cha bondeni kabla ya kuifungua ramani hiyo mezani.

Sababu ni maji. Tangu 2020 mpaka 2024 Ziwa Tanganyika limepanda kwa namna ambayo vijana hawajawahi kuiona. Bujumbura, Uvira na Kalemie watu walihama nyumba zao, na upande wetu wa Kigoma nako maji yalipanda juu ya mialo. Nimesikia mara nyingi kwamba jambo hili ni jipya kabisa. Si jipya. Miaka ya 1870 ziwa lilikuwa juu kuliko tulivyoliona sasa. Maji ya ziwa hili yana mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo, na wakati ule mlango huo ulikuwa umezibwa na matope na majani. Mwingereza Cameron aliufikia mwaka 1874 na kukuta hivyo. Mnamo 1878 hivi maji yakauvunja mzibo, na kufikia katikati ya miaka ya 1890 ziwa lilikuwa limeshuka takriban mita 10. Likapanda tena kwa mvua kubwa za 1961 hadi 1964. Ukitaka ushahidi wa karibu, nenda Ujiji penye mnara wa kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, waliokutana pale 1871, kisha tembea kwa mguu mpaka yalipo maji. Utajua mwenyewe ziwa linavyoweza kuhama.

Kwa hiyo anayenunua kiwanja karibu na mwalo kwa sababu "pamekuwa pakavu tangu nizaliwe" ananunua kumbukumbu ya mtu mmoja. Ardhi ina kumbukumbu ndefu kuliko hiyo, na sehemu yake imeandikwa.

Zipo ramani za aina mbili zinazotufaa. Za kwanza ni za Wajerumani, zilizochorwa kwa skeli ya 1:300,000 kabla ya vita vya kwanza. Maktaba kadhaa za Ulaya zimeziweka kwenye intaneti. Hizo ni za kujua majina na njia. Majina yameandikwa kwa sikio la mgeni, Ujiji utaikuta "Udjidji", kwa hiyo yasome kwa sauti mbele ya mzee na utashangaa atakavyoyatambua. Mara nyingi kijiji kiliitwa kwa jina la mtu aliyekuwa mkubwa wa mahali pale. Alipokufa au alipohama, jina likaenda naye.

Za pili ndizo muhimu zaidi: ramani za 1:50,000 zilizotengenezwa kwa picha za ndege, kazi waliyoianza Waingereza baada ya vita vya pili na kuendelea baada ya uhuru. Uliza kwa afisa ardhi wa wilaya au Idara ya Upimaji na Ramani ya Wizara ya Ardhi. Usiombe "ramani ya Wilaya ya Uvinza", maana wilaya hii ilizaliwa 2012 na ramani ni za kale kuliko yenyewe. Omba karatasi inayoonyesha mdomo wa Malagarasi. Ukiipata, kabla ya kitu chochote soma pembezoni mwaka wa picha, kwa sababu mwaka wa kuchapwa ni mwingine. Kama picha zilipigwa kabla ya 1961, ufukwe unaouona ni wa wakati ziwa liko chini. Kama ni za miaka michache baada ya 1964, ni wa wakati liko juu. Mtu asiyejua hilo anaweza kugombana na jirani yake bure.

Halafu tafuta alama za buluu za kinamasi na mikono ya zamani ya mto. Hapo ndipo pa kuwekea kidole. Mahali palipochorwa kinamasi, hata kama leo pana mihogo mizuri na nyumba ya bati, maji yanapajua. Mimi ningepaacha pawe pa mpunga na bustani za kiangazi. Ghala la mawese au stoo ya dagaa ningeiweka mbali, hata kama kubeba mzigo kutakuwa kwa gharama zaidi kidogo. Msitegemee mistari ya kontua kwa kazi hii. Kati ya mstari na mstari mara nyingi kuna mita 20, au futi 50 kwenye zile za zamani zaidi, na lile anguko lote la ziwa la karne ya 19 lingeweza kuingia katikati ya mistari miwili bila kuonekana.

Sasa niseme jambo ambalo litawaudhi baadhi yenu. Ramani hizi zinaonyesha pia nyumba, nukta ndogo nyeusi zilizotawanyika, pamoja na njia za miguu. Nyingi ya nukta hizo leo ni mahame: miembe mikubwa, michikichi iliyozeeka, na hakuna mtu. Wengine waliondolewa kwa sababu ya malale wakati wa ukoloni, wengi zaidi walihamishwa wakati wa Operesheni Vijiji miaka ya 1970. Kijana akiona nukta palipokuwa kwa babu yake, anataka kwenda kudai shamba. Taratibu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 15, inathibitisha ugawaji wa ardhi uliofanyika kati ya 1970 na 1977, na haki za kimila za kabla ya hapo kwenye ardhi iliyogawiwa zilifutwa. Naona ilikuwa kali kwa familia nyingi, lakini bila hiyo nusu ya vijiji vyetu vingekuwa mahakamani mpaka leo. Ramani itakuonyesha alikoishi babu. Haikupi hati.

Wala haiwezi kuamua mpaka wa shamba. Kwenye 1:50,000 mita 100 ni milimita 2. Heka moja ni zaidi kidogo ya milimita moja kila upande, na unene wa kalamu ya kawaida ni kama mita 25 za ardhi. Ugomvi wa mpaka upelekeni Baraza la Ardhi la Kijiji na mashahidi wenu.

Limebaki suala la mita 60. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Lakini ukingo upi, wa mwaka gani? Tukihesabu kutoka maji yanapoishia leo, yakishuka watu watasogea nayo, yakirudi yatawakuta wamejenga. Kwa maoni yangu kijiji kihesabu kutoka mahali pa juu kabisa ambapo maji yamewahi kufika, kwa ushahidi wa ramani, wa wazee, na wa alama za mafuriko ya miaka hii. Na kazi hii ifanyike sasa, kabla watu hawajasahau. Pita na mwenyekiti wa kitongoji, piga rangi kwenye miti au majengo yanayoonyesha maji yalipofika, chukua vipimo vya GPS kwa simu, mtendaji aviandike kwenye daftari pamoja na tarehe.

Mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji ukifanyika, daftari hilo na nakala ya ramani viwekwe mezani pamoja. Wenye wazee nyumbani wanaokumbuka maji ya miaka ya uhuru, waleteni siku ya mkutano mkuu wa kijiji, na wapewe kiti cha mbele waione ramani vizuri.